Hatua Kumi na Mbili Kutoka Bombani

“Hivi shoga, na maiti naye anaibiwa?”

Hilo ndilo swali ambalo jirani yake, muuza mkaa, alimuuliza Mama Pindo siku alipomwona anatoka mbio na jembe dogo na dumu la maji, kisa amesikia mke mwenzake ametangulia makaburini. Mama Pindo alichomeka ndala, ya kushoto mguu wa kulia, akashika njia. Jibu alilipata mbele ya safari, likiwa limeshachelewa: “Anaibiwa, tena yeye ndiye rahisi kuibiwa, maana hapigi kelele.”

Jina lake la utotoni wamelisahau karibu wote. Waliomwita Mama Pindo ni wazazi wa wanafunzi aliowashonea sare, kwa sababu pindo lililoshonwa na mkono wake halifumuki mpaka nguo yenyewe ichoke. Alikaa na cherehani yake kibarazani, sindano mdomoni, futi ya kupimia shingoni kama mkufu, na moyo safi mbele ya Mungu wake, isipokuwa jambo moja. Hakuweza kugawana. Tangu mdogo alikuwa na kikombe chake, mto wake, na kona yake ya kusalia, ole wake atakayeikalia. Mama yake alikuwa akimwambia, “Wewe mwanangu ukifika peponi utaomba mlango wa peke yako.” Wengine walicheka. Yeye aliona ni wazo zuri.

Mumewe alikuwa fundi saa, mwenye kibanda mkabala na kibaraza chake. Fundi saa, lakini saa ya kurudi nyumbani hakuijua. Walikaa miaka tisa wawili tu. Mwaka wa kumi akaoa mpishi wa shule, mwanamke mcheshi mwenye mwanya, na huyo ndiye Bi Mdogo.

Mume yule alijitahidi haki, tusimsingizie. Alinunua saa mbili za ukutani, pacha, akatundika moja kila nyumba. Mama Pindo hakulala kwa raha mpaka alipompa futi yake mama mmoja aliyekuwa akienda kwa Bi Mdogo, aipime ile ya huko. Ikatoka sawa, upana na urefu. Basi akaanza kusema ya kwake inachelewa. Zamu zikawa sawa, vitenge sawa, salamu sawa. Mtoto Mungu hakuwapa, huku wala kule, na hapo tu ndipo walipokuwa sawa bila mtu kupima.

Kisha mume akaugua kifua, akafariki. Akafariki siku ya zamu ya Bi Mdogo. Mama Pindo alisamehe mengi katika maisha yake, lakini hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Walimzika makaburi ya zamani, nyuma ya soko. Siku hiyo Mama Pindo miguu ilimwisha langoni, wakamkalisha kwenye kiti, na kaburi hakuliona. Kesho yake asubuhi akaletewa habari kwamba Bi Mdogo amekwisha kwenda kumwagia maji udongo. Roho ikamchoma. Akaapa kwamba hatakanyaga pale unyayo wa mwenzake ungali mbichi. Na unyayo ule, kwa hesabu ya wivu wake, ulichukua miaka miwili kukauka.

Katika miaka hiyo miwili makaburi yalijaa, yakafungwa, mji ukapata mapya mbali huko. Mlinzi akaondolewa. Baada ya mlinzi likaondoka lango. Baada ya lango zikaondoka zile bati za namba za makaburi, moja moja, kwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nyasi zikapanda hadi kifuani, watu wakaanika nguo ukutani, mbuzi wakapata malisho yasiyo na mwenyewe. Aliyekuwa na ndugu pale alisema halmashauri itasafisha, na halmashauri ikasema wenye ndugu watasafisha.

Mama Pindo alipolegea moyo akamwuliza shemeji yake mahali pa kaburi.

“Rahisi, shemeji. Simama penye bomba la maji, barabara uipe mgongo. Hatua kumi na mbili, mkono wa kulia.”

Akaenda, akahesabu. Ya kumi na mbili ikamfikisha kwenye tuta tupu, limebonyea, halina hata jiwe. Akapiga magoti, akalia kidogo. Alipoinua macho, akamwona Bi Mdogo amechuchumaa kaburi la tatu kutoka pale, anang’oa magugu, pembeni ameotesha maua mekundu.

Mama Pindo akahesabu tena kwa macho. Kumbe mwenzake amekosea! Kumbe miaka miwili anamwagilia mtu baki!

Furaha iliyomwingia hakuwahi kumsimulia mtu ila Mola wake, tena kwa kichwa kilichoinama. Alimsalimia Bi Mdogo kwa upole, Bi Mdogo akaitika kwa upole, wala Mama Pindo hakumtajia kosa lile. Alirudi nyumbani anaimba nyimbo za ibada.

Ikawa hivyo miaka kumi na mitano. Kila Alhamisi mchana alilima tuta lake, akalizungushia mawe, akakaa na kuzungumza nalo. Alisema mambo ambayo kibarazani hayasemeki. Kwamba bado harufu ya yale mafuta ya saa ipo kwenye mto. Kwamba aliwahi kumwombea Bi Mdogo meno yote yang’oke, kisha akatubu, kisha akaomba tena, ila safari hii lile la mbele tu. “Na ulale umenielekea mimi,” alikuwa akimaliza, “usigeuke upande ule.” Akitoka hapo, huutupia jicho upande ule, anaguna moyoni: mwagilia, dada, mwagilia, mgeni wa watu aoge.

Lakini wivu hauna akili. Maua ya Bi Mdogo yalishika, ya kwake yalikauka kila alipootesha. Na Bi Mdogo akitangulia kufika, hata kama ni kwenye kaburi la kukosea, Mama Pindo aliona ameibiwa. Ndipo zikatoka zile ndala za kugeuza miguu, na lile swali la muuza mkaa.

Siku moja likabandikwa tangazo ukutani mwa soko. Muuza mkaa akalisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Halmashauri imepitisha sheria ndogo ya makaburi yaliyotelekezwa. Kila kaburi liandikishwe ndani ya siku tisini, lipate msimamizi wa kulifyeka na kulitunza. Kaburi moja, msimamizi mmoja, na msimamizi mmoja kaburi moja, maana kuna wajanja wangejiandikia safu nzima wakajenga vibanda. Haki ya kwanza ni ya mke au mume wa ndoa, na wakiwa wawili, aliyetangulia. Asiye na ndugu, mtu yeyote mwema anaweza kumsimamia. Litakalokosa mtu litasawazishwa, libaki jina tu daftarini.

“Aliyetangulia!” Muuza mkaa akampiga bega. “Shoga, si wewe huyo? Cheti unacho?”

Cheti alikuwa nacho, ndani ya kopo la vifungo. Alikinyoosha kwa pasi, kwa juu ameweka kitambaa. Hakuwa na mtoto wa kumwita baba yule, hakuwa na picha ya wawili isiyo na wa tatu. Daftari la serikali lenye mstari mmoja, jina la mumewe huku na la kwake huku, pasiwe na nafasi ya mwingine kujipenyeza: hicho ndicho alichokuwa akikitaka katika dunia hii.

Karani wa makaburi alikuwa ameweka meza palepale ndani ya uwanja, chini ya turubai, na ramani kuukuu iliyobandikwa gundi kwenye mikunjo. Mama Pindo alifika na muuza mkaa kama shahidi. Bi Mdogo alikuwepo tayari, ameketi penye maua yake, bakuli la kumwagilia mapajani.

“Mama, wako yupi?” karani akauliza.

“Yule mwenye mawe.”

Karani akaangalia ramani, akafunua daftari, akaangalia tena. “Pale ni namba mia nne na tisa. Mwanamke. Umri kadiri ya miaka sabini. Aliletwa kutoka hospitali, jamaa hawakujulikana.”

“Mwanamke?”

“Mwanamke, mama.”

“Baba, vaa miwani vizuri. Nilihesabu mwenyewe kutoka bombani, hatua kumi na mbili.”

“Bomba hili?” Karani akacheka bila ubaya. “Hili lilihamishwa mama, mwaka uleule makaburi yalipofungwa. Bomba la chini lilipasuka. La zamani lilikuwa pale, ona kipande cha chuma kimechomoza.”

Mama Pindo alikwenda penye kile chuma, akaipa mgongo barabara, akahesabu kwa sauti kama mtoto wa shule. Kumi. Kumi na moja. Ya kumi na mbili ikakanyaga ua jekundu.

Muuza mkaa akajiziba mdomo, kicheko kikamtokea puani. “Shoga! Kumbe uliyekuwa unamnunia miaka yote ni bibi wa watu!”

Mama Pindo akayakumbuka yote aliyoyasema pale kwenye mawe. Mafuta ya saa. Jino la mbele. Usigeuke upande ule.

“Ulijua?” akamwuliza Bi Mdogo.

“Nilijua, dada.”

“Ukanyamaza miaka kumi na mitano?”

“Na wewe ulipodhani nimekosea mimi, ulisema?” Bi Mdogo akaweka bakuli chini. “Ile salamu yako ya siku ya kwanza, dada, ilikuwa tamu mno. Nikajua kuna kitu.”

Bi Mdogo akaendelea, taratibu, anafuta udongo mikononi. “Wewe ulikaa naye miaka tisa mimi sipo. Mimi sikuwahi kukaa naye hata siku moja wewe hupo. Hata akiwa kwangu alikuwa akitazama ile saa ukutani. Hapa ndipo mahali pekee nilipompata peke yangu. Ningekwambia, ungehamia, nami ningekaa wapi?”

Maneno hayo yalimwingia Mama Pindo mahali pawili. Mahali pamoja palimuuma. Pa pili, Mungu amrehemu, palimfurahisha: kwamba alikuwa akitazama saa.

“Mama mkubwa,” karani akasema, kalamu mkononi, “cheti chako ndicho cha kwanza. Ukimtaka mzee, kwa sheria ni wako. Lakini mawili siwezi kukuandika. Na yule bibi, asipopata mtu, mwezi ujao greda inapita.”

“Asisawazishwe,” Bi Mdogo akasema, anainuka. “Kama dada anamchukua mzee, niandike mimi kwa yule bibi. Nitahamisha maua. Wala si mbali, kaburi la tatu tu.” Akachukua bakuli lake, akaanza kuelekea kwenye mawe.

Mama Pindo alimtazama anavyokwenda. Alimwona anafika, anachuchumaa, anaweka kiganja juu ya tuta, palepale ambapo yeye huweka chake. Midomo ya Bi Mdogo ikacheza, kama anayejitambulisha kwa mwenyeji.

Kijicho kikamshika ambacho hata siku ya harusi ile ya pili hakikumshika vile. Bibi yule alijua kila kitu! Miaka kumi na mitano amemsikiliza, hakumkatiza hata mara moja, hakumwambia punguza. Alhamisi zote zile, mvua na jua. Halafu leo akae na huyu? Aanze kusikia na ya huyu? Pengine maua ya huyu hata kwa bibi yangeshika!

“We! Ondoka hapo!” sauti ikamtoka mpaka mbuzi wakashtuka. “Huyo ni wangu!”

Bi Mdogo akageuka. “Yupi, dada? Huku au kule?”

Muuza mkaa akanong’ona, “Shoga, chagua, usije ukakosa wote.”

Mama Pindo akasimama kati ya makaburi mawili, cheti mkononi kimeanza kulowa jasho. Akatazama maua mekundu, yaliyostawi juu ya fundi saa. Akatazama mawe yake, kila moja alilibeba mwenyewe kichwani kutoka barabarani. Kisha akakikunja cheti mara nne, akakirudisha kifuani, akaenda mezani. Aliinama karibu na daftari, kidole juu ya mstari kusudi karani asije akakosea, akasema:

“Mimi niandike kwa bibi. Kwa mzee mwandike huyo mwenzangu. Ila pale penye uhusiano na marehemu, usiandike mke. Andika wake, wawili.”