Kibuyu cha Nyumba Tupu

Mama wa afya hapigi hodi mlangoni. Huzungukia uani kwanza, kwenye kibuyu chirizi kilichotundikwa kando ya choo, akakanyaga kijiti chake na kutega sikio maji yakichuruzika. Kisha hugusa sabuni kwa kidole gumba. Akiikuta kavu husema taratibu, kama anayebembeleza mtoto, "Mwanangu, hapa hakuna anayenawa." Mwanahawa ameambiwa hivyo hadi amezoea, na kila mara husingizia kijito kuwa mbali.

Leo asubuhi, ukungu ukiwa bado umeikalia migomba, Mwanahawa alimwona akiingia uani kwa marehemu Anselmi, nyumba ambayo ugonjwa wa kuhara uliimaliza masika yaliyopita, wazazi na watoto. Mwanahawa akamfuata. Mama wa afya akakanyaga kijiti, maji yakachuruzika. Akagusa sabuni, akatabasamu.

"Shikamoo, mama. Humu unamjazia nani maji?"

"Marahaba. Wala sijazi mimi. Wenyewe siku hizi wananawa kuliko nyie."

Mwanahawa alitaka kucheka. Akanyoosha mkono, akaishika ile sabuni. Ilikuwa imelika upande mmoja, na bado ina povu.

Alirudi kwake mbio, akajaza kibuyu kabla hajamwamsha mwanawe.