Minyaa Niliyoipanda Kando ya Ziwa

Kama anatafutwa wa kulaumiwa kwa ule ukingo wa ziwa, msihangaike. Ni mimi, mjuaji wa kamati.

Tulikuwa tumetoka Kivu ya Kusini, mwaka wetu wa nne katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Kati ya nyumba zetu na ziwa palikuwa na kipande cha migunga na mafunjo, na katikati yake chemchemi. Mke wangu aliteka maji pale kila asubuhi, akachelewa kurudi makusudi. Alisema ni pale tu anaposahau kuwa yeye ni mkimbizi.

Kamati ya kijiji ikakubaliana: kipande kile kisilimwe, miti isikatwe. Afisa wa ardhi aliyetoka Mbarara na ramani yake akatuagiza tukizungushie mawe yaliyopakwa chokaa. Kazi nikapewa mimi. Nikamcheka kimoyomoyo. Jiwe si linahamishwa kabla chai haijapoa? Nikakata vijiti vya mnyaa, nikavipanda pande zote, vikashika vizuri. Nikajisifu, kisha nikaenda Mbarara kuuza maharage, nikakaa wiki mbili.

Niliporudi, mvua ilikuwa imeanza na migunga ilikuwa imelala chini. Watu walikuwa wakipanda mahindi hadi kwenye mafunjo. Jirani yangu akaninyooshea mkono wenye udongo.

“Aksanti sana, papa! Mulitupimia fasi ya muzuri.”

“Nani amewapimia? Sheria inakataza kulima hapa!”

“Sheria gani? Si ni wewe ulipanda munyaa? Nani anapandaka munyaa fasi ya kukataza?”

Kwetu mnyaa hupandwa siku shamba linapogawiwa. Hata mtoto anajua. Kwenye mkutano wa kutangaza katazo walikuja wachache, lakini mnyaa uliwafikia wote, na ukawaambia kile wazee wetu walichoufundisha kusema. Nilitaka kupiga kelele, nikaona aibu. Ningewafukuzaje watu wenye njaa kwenye shamba nililowakatia mwenyewe?

Afisa alipokuja aliuliza kitu kimoja tu, mawe yako wapi. Msimu wa pili udongo wa mashamba ukaifukia chemchemi.

Majuto ni mjukuu, na mimi huyo mjukuu nimemlea miaka mingi. Minyaa yangu imekua mirefu kuliko nyumba, haijafa hata mmoja. Mke wangu hajawahi kunilaumu. Anateka maji bombani, na anarudi mapema.