Mwarobaini Usio Mchungu

Niliwahi kuinywesha familia yangu nzima, na jirani juu yake, majani ya mti nisioujua. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, biolojia nimepenya kwa D, na kwa nyumba yetu pale Bariadi hiyo ilitosha kunifanya bwana miti.

Zilikuwa siku za ruksa, serikali ilipolegeza biashara. Pamba haikuwa ya ushirika peke yake tena. Wanunuzi binafsi walikuja na malori yao, mizani yao na maneno yao matamu. Wenzangu walidandia malori hayohayo kwenda Mwanza kutafuta maisha. Mimi nilibaki. Baba alikuwa akiwaambia wageni kwamba kijana huyu hatoki nyumbani hata zizi likiungua, na sikumbuki kama niliwahi kumpinga.

Dereva mmoja wa malori hayo, mtu wa Bukoba, aliharibikiwa na gari mbele ya kwetu. Mama akampikia wali. Msimu uliofuata alirudi na shukrani: mche mdogo ndani ya kopo la mafuta ya kupikia. Alisema kwao unajiotea msituni, huko bondeni kwenye mvua zisizokatika, na maua yake ni mekundu, unayaona toka mbali. Jina alilitaja kwa Kihaya, likatutoka siku hiyohiyo. Ila alimwachia mama alama: maua kabla hayajafunguka yamejipinda kama vidole, na ukiyabonyeza yanatema maji.

"Mti uteme maji?" nikasema. "Mayu, hizo porojo za madereva."

Mama akachukua jembe. Aliupanda ubavuni mwa jiko, na kiangazi, wakati ng'ombe wa baba wanaswagwa mbali kutafuta maji, yeye aliuwekea maji aliyooshea mchele. Baba alilalamika. Mama akamwambia, "Hapa kila ninachopanda kinaliwa au kinauzwa. Huu nataka kuutazama tu."

Mti ukapanda mpaka ukalipita paa la jiko. Maua hakuna. Baba akaanza kuupima kwa macho, maana lango la zizi lilihitaji nguzo mpya. Siku moja akaniita niseme ni mti gani hasa.

Nikavunja kijitawi. Nikatazama majani yalivyopangana mawilimawili, nikakunja uso kama mwalimu wangu, nikatafuna moja.

"Mwarobaini," nikasema.

"Mbona unatafuna kama mchicha? Mwarobaini si mchungu?"

"Huu ni wa kisasa, baba."

Wiki hiyo kulikuwa na homa nyumbani, na mtaalamu hakukaa kimya. Nilichemsha majani sufuria nzima, kila mtu akanywa. Mama jirani, wa ng'ambo ya ua wetu wa minyaa, akasikia kuna dawa isiyo chungu, akaja na sufuria yake.

Homa iliendelea na shughuli zake. Baba akasema kama ni mwarobaini basi, ipo mingine nyuma ya nyumba, huu uende zizini. Kesho yake asubuhi nikasikia shoka likilia mara moja. Nilipotoka, mama alikuwa amesimama kati ya mti na shoka, mwiko wa ugali mkononi.

"Baba watoto, nipe mvua moja tu. Usipochanua, nitaukata mwenyewe."

Baba akanigeukia. "Msomi anasemaje?"

Ningeweza kusema sijui. Ni neno dogo. Nikasema, "Ni mwarobaini."

Shoka lilishuka chini, lakini si kwa ajili yangu. Ni kwa ajili ya ule mwiko.

Mvua zikaja. Asubuhi moja mama aliniita kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kushtua ndege. Juu kabisa kulikuwa na kishada cha vidole vya kahawia vilivyojipinda, na kimoja kilikuwa kimeshafunguka: ua jekundu, lenye pindo la njano. Nikapanda, nikachuma kidole kimoja, nikakibonyeza karibu na uso nikione vizuri. Maji yakanipiga jichoni. Mama alicheka mpaka akakalia kinu. Baba alikuja, akatazama juu kwa muda mrefu, akaondoka kutafuta nguzo kwingine.

Baadaye sana nilikuja kujua kwamba kwa Kiswahili ni kibobakasi. Mama hakulitaka jina hilo. Aliuita "mti wangu" mpaka alipotutoka. Jeraha la shoka bado lipo, gome limelifunika nusu. Mimi nami bado nipo, nakaa chini yake, sijaenda Mwanza.

Siku ile ya ua la kwanza, mama jirani alipita kwenye upenyo wa minyaa akanikuta nafuta jicho. Akatazama maua, akamtazama mama, kisha mimi.

"Ng'wanawane, mwanangu," akasema, "nilikunywa sufuria nzima kwa ajili yako. Ukikuta mti mwingine usioujua, nyamaza."