Nauli Iliyorudi Nyumbani

Hapa Alunguli hakuna anayemwita Victorine kwa jina lake. Tunamwita Mama Mulango, na mgeni akisikia hivyo hudhani ni muuza milango. Yeye anauza vitumbua vya mchele wa Kibombo, na mlango anao mmoja tu, wa mbao ya mvule, mzito, na kila ukifunguliwa hulalamika kama mzee anayeamshwa. Lakini msafiri akikata biye, yaani tiketi, ya boti la kushuka mto hadi Ubundu, kisha akaghairi boti likiwa tayari kuondoka na mwenye boti akagoma kumrudishia nauli yake, mwenye akili haendi kwa wakubwa wa ofisini. Anakuja kwa Mama Mulango.

Ndiyo maana mwaka jana, nilipomwona mzee Onema akikokota miguu kwenye njia yetu na biye mkononi, nilijua anakokwenda. Nikaacha sabuni zangu mezani nikamfuata. Umbea ni aibu, lakini hili nilikuwa na haki nalo. Mimi ni mmoja wa watu watatu waliobaki hapa mtaani kati ya wengi waliokuwepo siku Onema na Victorine walipogombana.

Ilikuwa miaka ya vita. Njia ya reli ilikuwa imekatika, na Anaclet, mume wa Victorine, fundi wa reli, alikuwa amebaki upande wa Kongolo bila namna ya kurudi. Chumvi ilikuwa mali. Kila wiki tulisikia kwamba wenye bunduki wanakaribia, wakati mwingine hawa, wakati mwingine wale, na kwetu sisi tofauti yao ilikuwa ndogo. Onema alikuwa na boti la mbao, balenyeri kama tunavyoliita, na alikuwa tayari kupeleka watu Ubundu. Pesa hakuzitaka, kwa sababu asubuhi zilinunua kuku na jioni zilinunua yai. Alipokea vitu. Mimi nilimlipa redio.

Victorine hakuwa na redio. Alikuwa na watoto wawili, mama mkwe wake Albertine, na ule mlango ambao Anaclet aliutengeneza kwa mikono yake mwaka waliooana. Onema aliutazama akaupenda. Ubao wake wa kupandia abiria ulikuwa umechomwa kuni na askari, na mlango ule ulikuwa mrefu na mnene, haupindi hata ukibeba ng'ombe. Wakakubaliana: watu wanne kwa mlango mmoja. Wanaume wanne waliung'oa wakaubeba hadi mtoni, na nyumba ikabaki mdomo wazi. Victorine hakulia. Alisema nyumba isiyo na mtu haina haja ya mlango.

Asubuhi ya safari tulijipanga ukingoni, mtu na mzigo wake. Mlango wa Victorine ulikuwa umelazwa kutoka ukingo hadi kwenye boti, maana pale kingo ni za kukatika na maji yanammeza mtu mzima. Familia yake ilikuwa ya kwanza kupanda. Bibi Albertine akaweka mguu mmoja juu ya mlango, akayatazama maji, akaurudisha mguu. Akakaa chini kwenye udongo.

"Miye nilizaliwa nikiona hii maji," alisema. "Sitaki yenyewe inione nikikufa."

Walimbembeleza, walimtisha, mjukuu wake akamvuta mkono. Bibi hakusogea, na Victorine hakuwa mtu wa kumwacha mama wa mumewe ukingoni kama mzigo uliozidi. Akaghairi. Akamwambia Onema kwa heshima kwamba hawaendi tena, na kwamba anaomba mlango wake.

Onema alicheka. Alisema nauli ikishalipwa imelipwa, kwamba yeye hakumkataza mtu kupanda, kwamba kama kila mwenye mama mkwe mkaidi angerudishiwa chake, yeye angeendesha boti kwa upepo wa mdomo. Baadhi yetu tulicheka naye, Mungu atusamehe. Tulikuwa na haraka, na shida ya mwenzako ukiwa na haraka huwa ndogo sana. Lakini mtu mwenye akili timamu alijua maana yake. Mama aliyebaki na watoto, mwaka ule, katika nyumba isiyo na mlango, alikuwa sawa na kuku aliyelala njiani.

Victorine akapanda juu ya mlango wake, akaenda katikati, akakaa, akakunja kikwembe chake cha kitenge vizuri magotini kama mtu anayesubiri wageni.

"Hii njo mulango ya nyumba yangu," akasema. "Muntu haingie ku nyumba ya muntu bila hodi."

Wa kwanza nyuma yake alikuwa Didier, aliyebeba baiskeli begani. Akatabasamu, akaona ni mchezo wa mama aliyekasirika, akasema hodi. Victorine hakujibu. Akasema tena. Kimya. Akasema mara ya tatu, na sasa hakuwa anatabasamu. Akashusha baiskeli.

Sisi watu wa Maniema tuna maovu yetu, wala sitayaficha, lakini hili tulinyonya pamoja na maziwa: hodi ni tatu, usipojibiwa unageuka na kwenda zako. Hata mwenye kudai deni hufanya hivyo. Wa pili akajaribu, akageuka. Wa tatu, mama mmoja mjamzito, akasema hodi kwa sauti ya kuomba, na nilimwona Victorine akigeuzia macho mtoni. Hakujibu. Kijana mmoja akainua mguu ili amruke, na watu wote waliokuwa nyuma wakaguna kwa pamoja kama wameona mtu akitemea chakula. Mguu ukarudi wenyewe. Mimi nilikuwa wa saba. Nilisema hodi zangu tatu nikijiona mjinga, na nilipogeuka nilijiona mjinga zaidi kwa kuwa niliwahi kucheka.

Jua lilikuwa linapanda. Onema alitaka kupita Lowa mapema, kwa sababu kingo za kule zilikuwa na bunduki, na kila saa aliyochelewa ilikuwa hatari kwa shingo yake. Mwishowe akaja mwenyewe hadi ncha ya mlango upande wa ukingoni, boti lake likiwa nyuma ya yule mama, abiria wake nyuma yake mwenyewe.

"Hodi," akasema. Mto ulisikika. "Hodi, mama." Hakuna. Mara ya tatu sauti yake ilikuwa ndogo. Victorine alikuwa anamtazama usoni bila chuki na bila jibu.

Onema akavua kofia akajifuta jasho. Akawaambia wanaume warudishe mlango wa watu.

Furaha ile siwezi kuieleza vizuri mpaka leo. Tulipiga vigelegele hata tuliokuwa tunasafiri, na ukingo mzima ukawa kama harusi. Nami nikaona: kama mlango umerudi, redio yangu inakaa huko kwa nini? Nikasema na mimi naghairi. Didier akasema hivyo hivyo, na yule mama mjamzito, na wengine. Onema, ambaye sasa hakuwa na muda wa kubishana, akarudisha redio, majembe, vikwembe, sufuria, akitukana kwa Kiswahili na Kifaransa, kisha akashusha boti lake hadi kwenye mchanga ambako waliobaki walipanda kwa kulowa hadi kifuani.

Siku tisa baadaye wenye bunduki walipita Alunguli. Nyuma ya mlango ule wa mvule tulikuwa watu kumi na tisa, na bibi Albertine ndiye aliyetuzuia kupumua kwa kutuziba midomo mmoja mmoja. Waliupiga kwa vitako vya bunduki. Alama zipo, ukipita utaziona chini ya kitasa. Walipiga, wakachoka, wakaenda kwenye nyumba nyepesi. Miaka mitatu baadaye Anaclet alirudi kwa miguu kutoka Kongolo, akaukuta mlango wake mahali pake, na nyuma yake akawakuta wote.

Sasa rudi kwa Onema wa mwaka jana, mzee, boti lake lilishaoza zamani. Alikata biye kwa boti la Gauthier, kijana mwenye injini mpya, aende kumwona binti yake Ubundu, malaria ikamshika asubuhi ya safari. Gauthier akamwambia nauli ikishalipwa imelipwa. Nani alimfundisha maneno hayo, wewe na mimi tunajua.

Onema akasimama mbele ya mlango. "Hodi," akasema. Kimya. "Hodi." Nikasikia mlango ukilalamika, Victorine akatoka na kigoda chake. Hakusema karibu. Alisema tu, "Twende."

Tukavuka kwa mtumbwi hadi Kasuku, ng'ambo ya mto, kwenye gati la maboti. Boti la Gauthier lilikuwa bado limefungwa. Victorine akaweka kigoda chake mbele ya ubao wa kupandia, na kabla hata hajakaa, abiria waliokuwa kwenye mstari walisharudi nyuma hatua moja, wazee wakiwaeleza vijana. Gauthier akautazama mstari wake, akamtazama yule mama, akaingiza mkono mfukoni. Noti zote zilirudi, na Victorine hakuwa ametamka neno hata moja.

Njiani kurudi Onema alitembea nyuma yetu akitetemeka kwa homa. Nilidhani ataishia kwake. Alitufuata hadi nyumbani, akamwacha Victorine aingie kwanza, akasimama nje karibu na zile alama za bunduki, akavua kofia.

"Hodi," akasema.

Safari hii hakufika ya pili.

"Karibu, baba Onema," Victorine alijibu kutoka ndani. "Umekawia sana."