Deni la Tiketi Tatu

Kwa miaka miwili na nusu nililipa dola hamsini kila tarehe tano ya mwezi, sikuchelewa hata siku moja, na kwa muda wote huo karatasi zilisema mimi ni mtu asiyelipa. Mnisamehe nikianzia hapo, maana jambo hili bado linanichoma. Nimeshalisimulia kanisani, nimelisimulia kazini, na nimelisimulia hata kwa daktari wa meno, ambaye hakuniuliza.

Ni deni la ndege. Wengi wetu tuliotoka kwenye kambi za wakimbizi Tanzania tunalo. Ofisi inayoleta wakimbizi inakununulia tiketi ya kuja Marekani kwa mkopo usio na riba, na ukishafika na kupata kazi unaanza kurudisha kidogo kidogo. Sisi tulikuwa watatu: mama, mimi, na mdogo wangu wa kike aliyekuwa na miaka kumi na minne. Tuliambiwa mtu mzima mmoja atie saini kwa niaba ya familia. Mama alisema mambo ya karatasi hayawezi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na kiburi cha kutosha, nikaivuta ile karatasi nikasaini tiketi zote tatu. Siku hiyo nilijiona baba mwenye nyumba, wakati nyumba yenyewe ilikuwa turubai.

Tulifikia mji wa Louisville. Nilipata kazi kwenye kiwanda cha vipuri vya magari, na kila mwezi bili ya ndege ilikuja kwa posta na kipande cha kukata chini. Nilikata, nikalipa, nikapeleka. Miaka miwili ilipita hivyo bila shida yoyote. Kisha rafiki yangu aliyehamia Columbus akanipigia simu kwamba ghala la kule Gahanna, karibu na uwanja wa ndege, linalipa dola tatu zaidi kwa saa. Tukafunga mizigo.

Huko ndiko nilikofanya kosa langu, na nitalieleza bila kujitetea, au kwa kujitetea kidogo tu. Kambini tulilelewa kwamba mtu mzima halipi deni vipande vipande kama anayemtupia kuku mtama. Ukidaiwa dukani, unajibana, unakusanya mpaka itimie, unamchukua jirani awe shahidi, unampa mwenye duka hela zake kwa mikono miwili. Naye anafungua daftari na kulikata jina lako wewe ukiangalia. Baba mdogo, aliyetulea baada ya baba kufariki, alilipa hivyo maisha yake yote, na watu walimpa heshima kwa hilo. Sasa mimi, kwa mshahara wa Gahanna, niliona aibu kuendelea na vijihamsini. Niliamua kumaliza kiume. Niliacha kutuma zile hamsini, nikafungua akaunti ya pembeni, na kila mwezi nikawa naweka mia moja na hamsini. Sikuigusa hata mama alipotaka jokofu.

Sikumwambia mtu wa ofisi ile mpango wangu. Hata anwani mpya sikuwapa, kwa sababu nilipanga kuwapigia simu siku ya kumaliza. Niliwaza watakavyofurahi! Mtu aliyekuwa akiwapa hamsini anaibuka ghafla na deni zima mkononi. Nilikuwa nacheka peke yangu kwenye mashine ya kufunga maboksi.

Barua zao, kumbe, zilikuwa zinaenda Louisville, kwenye ile apatimenti yetu ya zamani. Ya kwanza ya kukumbusha, ya pili ya kuonya, ya tatu sijui ya nini. Nilikuja kuonyeshwa nakala zake baadaye, zote zimenyooka kama nguo zilizopigwa pasi.

Hela zilikuwa zimebakiza kidogo sana kutimia baba mdogo alipougua. Ilikuwa figo. Alitolewa kambini akapelekwa hospitali Kigoma, na huko kila kitu kinataka hela mkononi. Nilituma ya vipimo, nikatuma ya dawa, na mwisho nikatuma ya jeneza na ya kulisha watu msibani. Akaunti ya pembeni ikabaki na dola kumi na moja. Sijutii hata senti moja ya hizo, na mtu asijaribu kunifanya nijute.

Wiki mbili baada ya msiba niliwapigia wale wa ndege kuwaambia ukweli, kwamba nilikuwa nawakusanyia, msiba umekula, naanza tena. Mama mmoja mpole akaniambia pole kwa msiba. Kisha akasema deni langu halipo tena kwao. Kwa sababu nilikaa zaidi ya mwaka bila kulipa, lilikuwa limehesabiwa kuwa limeshindikana na kupelekwa kwa kampuni ya kukusanya madeni. Kwa Kiswahili cha magazeti ya Tanzania, nilikuwa mdaiwa sugu. Mimi! Niliyenyima familia jokofu.

Kijana wa kampuni ya madeni hakuwa mkali, hilo lazima niseme. Tulikubaliana dola hamsini kwa mwezi. Nikamuuliza, nikishaanza kulipa, rekodi yangu ya kredi, ile ambayo benki huiangalia kabla ya kukukopesha, itapona? Akasema kulipa ni jambo jema sana na nisikose hata mwezi mmoja. Ilinichukua muda mrefu kugundua kwamba hakuwa amejibu swali langu.

Kwa hiyo nililipa. Kila mwezi, baada ya kulipa, nilifungua simu kuangalia alama zangu za kredi kama mtu wa presha anayepima presha. Zinapanda mbili, zinashuka tatu. Lile deni lilikuwa palepale, limeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba lilishindikana, na pembeni kiasi kilichobaki kikipungua. Ukisoma haraka ungedhani pesa inapungua yenyewe, kwa kuvuja. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kuna mtu anasimama kwa muda wa saa kumi na mbili kwenye shifti na kuilipa. Nilitaka kumpigia mtu kelele lakini kila niliyempata kwenye simu alikuwa na adabu.

Tulihamia Buffalo kwa sababu ya magoti ya mama. Columbus tulikuwa tunakaa ghorofa ya tatu, na mama alifika mahali pa kushuka mara moja tu kwa wiki, Jumapili, kwa kukaa kwenye kila ngazi. Watu walituambia Buffalo kuna nyumba za bei nafuu, familia kama zetu zinanunua. Nilipata kazi tena ghalani, tukapanga kwanza, ghorofa ya pili safari hii. Nikaanza kuweka hela ya kianzio, ile ya kutanguliza unaponunua nyumba, kwa shifti za ziada, mpaka zikafika dola elfu nane.

Nyumba yenyewe ilikuwa mtaa wa Black Rock, karibu na mto. Dalali wetu alikuwa mama Mkongomani tunayesali naye. Mwenye nyumba, mzee anayehamia kwa binti yake, alikubali kungoja kidogo. Kulikuwa na chumba cha kulala chini, choo chini, jiko chini. Mama alitembea kutoka chumbani mpaka jikoni, akarudi, akaenda tena. Nilimwona anahesabu hatua.

"Bon, kaka," dalali akaniambia pale mlangoni, "hii nyumba iko ya muzuri, na mama ameipenda. Donc usikawiye. Ule muzee atatungoya mupaka mwisho wa mwezi, hapana zaidi."

Benki nilikwenda nimevaa suti ya ubatizo wa mtoto wa rafiki yangu. Afisa mikopo alikuwa dada kijana mwenye sauti ya upole. Aliangalia mshahara wangu akaitikia kwa kichwa, akaangalia kianzio akatabasamu, kisha akafungua rekodi yangu na tabasamu likaondoka.

"Hili deni unalilipa?" aliuliza.

"Kila mwezi. Miezi thelathini sasa. Angalia risiti." Nilikuwa nimezibeba zote kwenye bahasha.

Aliangalia tatu za juu kwa heshima. Akasema benki yake haiwezi kunipa mkopo kwa alama zile, na deni lililoshindikana likiwa bado halijaisha. Nikamwambia limebaki dola mia tisa, nalimaliza leo leo, hapa hapa mbele yake, na yeye awe shahidi. Nilikuwa nimeshatoa simu.

"Unaweza kulimaliza, na ni vizuri ulimalize," alisema. "Lakini litaandikwa kwamba limelipwa baada ya kushindikana. Alama hiyo inakaa miaka saba, kuanzia mwezi wa kwanza ulioacha kulipa. Yako imebakiza miaka miwili na nusu. Kulipa hakuifuti."

"Na kama nisingelipa kabisa miaka hii yote?"

"Alama ingekaa miaka saba hiyo hiyo."

Damu ilinichemka. Si kwa huyo dada, yeye alikuwa anasoma tu kilichoandikwa. Nilimwambia, kwa Kiingereza changu cha ghalani, kwamba nilikotoka kuna umaskini lakini hata mwenye duka wa kambini, asiyejua kusoma vizuri, anajua kukata jina la mtu aliyelipa. Akasema anaelewa. Hilo neno, "naelewa," nimelichukia tangu siku ile. Nje, ndani ya gari, nililia kwa hasira, mwanamume mzima na tai shingoni.

Hata hivyo nililimaliza deni jioni ile kwa simu. Mashine ilinishukuru na kunipa namba ya risiti.

Nyumbani niliwaeleza mama na mdogo wangu. Mama alisema basi, Mungu atatoa nyingine, akainuka kwenda kulala huku akishika ukuta. Mdogo wangu alibaki anaangalia simu yake. Sasa ana miaka ishirini na mmoja, anafanya kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba yao ya matunzo, na hiyo kazi ameifanya tangu alipomaliza shule.

"Kaka," akasema, "naweza kuomba mimi."

Akanigeuzia simu. Alama zake zilikuwa juu sana, kijani tupu. Alipofika miaka kumi na minane alichukua kadi ya mkopo, nami nilimjia juu siku hiyo, nikamwambia anajifunga kamba shingoni. Kumbe kila wiki alinunua mafuta ya gari kwa kadi na kila mwezi akarudisha, vijidola ishirini, thelathini, vile vipande vipande nilivyovionea aibu. Kwa wenye benki yeye ni mtu mwaminifu kupindukia. Na tiketi iliyomleta, kiti cha dirishani alichokililia mpaka akapewa, haimo popote kwenye jina lake.

Nilimwambia maneno mabaya. Nilisema yeye hajawahi kulipia hata mkanda wa kile kiti. Nilisema rekodi yake ni safi kwa sababu uchafu wote nimeubeba mimi. Yote ni kweli, na hakuna moja lililostahili kusemwa. Alijibu kwa Kiingereza, kama anavyofanya akiumia, kwamba alikuwa mtoto, na kwamba hakuna aliyemuuliza. Siku tatu hatukusemeshana. Siku ya nne nilimkuta mama amekaa kwenye ngazi ya nne kutoka chini, mfuko wa viazi magotini, akimngoja mtu yeyote apite. Alisema amekaa tu kupumzika. Nilipanda kumwambia mdogo wangu aombe.

Benki ilimkubali kwa mkopo mdogo uliotosha, ila hakuwa na kianzio. Kianzio kilikuwa changu, kilichobaki baada ya deni, dola elfu saba na mia moja. Tukakaa mbele ya yule yule dada mpole. Akaeleza kwamba hela zikitoka kwa ndugu, benki inataka barua: kwamba ni zawadi, na kwamba aliyetoa hatarajii kurudishiwa.

"Nitamlipa," mdogo wangu alidakia. "Kila mwezi. Tumeshakubaliana."

Dada wa benki akaweka kalamu chini. "Tafadhali. Ukisema hivyo ni deni, na likiwa deni lazima nilihesabu, na nikilihesabu mkopo wako haupiti. Anatoa zawadi au hatoi?"

Mdogo wangu aliniangalia. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. Nilijua angenilipa kweli, tarehe ile ile ya kila mwezi, yeye ndivyo alivyo. Na nilitaka anilipe. Sikuwa na shida ya zile hela. Nilitaka tu pawe na mtu mmoja katika nchi hii ambaye kwenye hesabu zake imeandikwa kwamba mimi nilitoa.

Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja. Palikuwa na jina langu, uhusiano wangu na mnunuzi, kiasi, na swali la mwisho: Je, unatarajia malipo yoyote, sasa au baadaye, ya fedha au ya huduma? Mama alikuwa amekaa nje kwenye gari, mlango wazi, miguu chini, akingoja kusikia.

Nikaandika hapana, nikasaini.