Mbwa wa Kusikilizia

Georgette alinikuta asubuhi ninamenya mihogo. Akachuchumaa karibu sana, kama mtu aliyekuja kuomba moto.

"Mama Chérie, unajua Florentine anaficha muntu?"

"Muntu gani?"

"Mi najua? Mwanaume tu. Jana alinunua sahani. Anaishi yeye peke, sahani ingine ni ya nani? Na ndagala siku hizi anabeba nyingi. Basoda bakisikia, batachoma kwake, kisha kwako, kisha kwangu."

Hiyo ilikuwa mwaka wa 1999, wakati wa vita, hapa Baraka, na basoda, yaani askari, walichoma nyumba kwa maneno kama hayo; hayakuwa ya kuchekea. Nikamfunga Chérie mgongoni, nikaenda kuona mwenyewe.

Florentine nyumba yake inatazamana na jiko langu. Ni mjane, anatwanga mihogo na kuuza unga. Masikio yake yalikufa siku bomu lilipoanguka kwenye barabara ya Mboko, yeye akiwa anarudi na kikapu chake. Tangu hapo anasema kwa sauti kubwa bila kujua, na maneno ya watu anayasoma midomoni. Hodi haina kazi kwake. Unasimama mlangoni mpaka kivuli chako kimwangukie mikononi.

Kivuli changu kilipomwangukia, aligeuka anacheka. Mbele yake ilikuwa sahani mpya ya bati, na kwenye sahani pua ya mtoto wa mbwa, mwekundu, tumbo kubwa kama la mtoto mwenye minyoo. Florentine alikuwa anamtafunia ndagala, visamaki vyetu vya ziwani, kwanza, ndipo anamwekea.

"Georgette anasema unaficha mwanaume," nikamwambia polepole.

"Basi akuje amuone! Bwana yangu huyu, anakojoa kwenye mukeka."

Kisha kicheko kikamwisha. Akaniambia, "Mama Chérie, batu banakimbia na masikio. Mi sina."

Nilielewa: mbwa ndiye angemsikilizia. Mara ya mwisho watu walipokimbia, yeye alikuwa nyuma ya nyumba anatwanga. Risasi zililia, watu wakaitana, mtaa wote ukaisha kwenda kilimani, naye akaendelea kutwanga mpaka akaona viatu vya askari karibu na kinu. Mengine ya siku ile hajanieleza, nami sijamuuliza.

Sahani alikuwa nayo, na gunia la kulalia mbwa pia. Ilibaki kamba. Akaniomba nimsindikize sokoni, kwa sababu wauzaji wanasema wameinamisha vichwa na yeye haoni midomo.

Tukaenda kwa papa Albert, baba mmoja mwindaji aliyekimbia kutoka Lubondja. Ndiye aliyempa huyo mbwa, maana hakuwa na chakula cha watoto wote wa mbwa wake. Alikuwa ameweka chini kamba, visu, na kengele za mti, zile wawindaji wanazofunga mbwa shingoni.

"Mama, anza na kengele," akasema. "Imbwa bila kengele utaitafuta wapi mu pori?"

Georgette alikuwa anauza chumvi pembeni. Akapiga makofi. "Mumuangalie! Kiziwi ananunua kengele!"

Watu wakacheka. Florentine hakumwona. Alikuwa ameshika kengele, ameiegemeza kwenye taya, anaitikisa taratibu.

"Inalia?" akaniuliza.

"Inalia sana."

"Mpaka mbali?"

"Unaijaza majani," papa Albert akamwambia. "Sisi, tukienda, tunaziba nayo ndani, inanyamaza. Tukifika kwenye nyama ndipo tunatoa majani."

Nikayarudia maneno hayo, ayaone mdomoni mwangu. Akafikiri, akairudisha chini. "Majani inaanguka, papa. Imbwa yangu haifuate nyama. Ni mi ndiyo nyama."

Papa Albert akasogeza kengele pembeni, akamwekea kamba mbele.

Akaanza kuchagua kamba. Kila moja alijifunga kwenye kifundo cha mkono, akanipa ncha nyingine, "Vuta!" Ya nailoni mpya ilimkata. Ya katani ilimchoma kama miiba. Mwisho akapata kamba ya zamani ya wavu, iliyolainika na maji ya ziwa.

Papa Albert akatikisa kichwa. "Mama, mwindaji hafungi imbwa kwenye mukono yake. Ikishituka itakuangusha."

"Iniangushe. Nikianguka nitaamuka."

Hapo Georgette akaacha chumvi yake, akasimama mbele ya Florentine ili midomo yake isomeke vizuri. Mzaha ulikuwa umemtoka usoni.

"Dada Florentine, nunua kamba yako. Lakini kule tunajifichaka, hiyo imbwa haiingie. Ikibweka mara moja, tumekufa sisi bote na batoto."

Florentine akalipa, akakunja kamba yake. Kule porini, tulipojificha mara ya mwisho, Georgette huyo huyo aliniambia, "Ziba mutoto kinywa ao utoke hapa." Nilimbana Chérie kwenye titi langu mpaka nikaogopa kwamba hapumui. Georgette si mbaya. Ana watoto wake, naye anataka waamke kesho.

Tuliporudi, Florentine alifunga ncha moja kwenye shingo ya mbwa, nyingine kwenye mkono wake, akafumba macho. Nikapiga makofi nyuma ya mlango. Mbwa akaruka, kamba ikanyooka, mkono ukavutwa. Florentine akafumbua macho, akaangalia mlangoni palepale nilipokuwa.

"Ulikuwa hapo," akasema.

Akakaa kwenye mkeka, akamvuta mbwa mapajani. Kwa mara ya kwanza alijaribu kupunguza sauti, ikatoka inakwaruza.

"Mama Chérie, niliona kinywa ya Georgette. Nilionaka pia, hapa mutaani, namna banakuangalia mutoto akilia. Siku ikifika, tusiende na bo. Tutafute fasi yetu, mbali, we na mutoto, mi na imbwa. Imbwa na mutoto bakianza kulia, balie kwetu sisi tu. Mi nitabeba Chérie ukichoka, niko na nguvu. We utasikiliza njia. Unakubali? Usitikise kichwa. Sema, nione kinywa."