Mfuniko wa Mstari wa Tatu

Ukipita mbele ya duka la dobi asubuhi yoyote ya msimu wa sikukuu, ulikuwa unamsikia Mama Pasi kabla hujamwona. Alinyoosha mashati ya watu huku akiimba, na pasi ikaufuata wimbo: kola kwenye ubeti, mikono kwenye kiitikio. Wateja walidai kwamba nguo zikifika nyumbani bado zina sauti yake kwenye mikunjo, naye alilipinga hilo vikali, maana nguo ya dobi anayejiheshimu haina mikunjo.

Mwaka ule duka lilikuwa kimya. Daktari alimtoa uvimbe kooni, akapona vizuri, lakini sauti iliyobaki ilikwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Na Mama Pasi ndiye aliyekuwa akianzisha wimbo wa sikukuu nyumbani kwa wakwe zake tangu alipoolewa. Nafasi hiyo hakuna aliyewahi kuigombania naye. Sasa wifi yake, msimamizi wa ghala, hodari wa kupanga vitu na watu, alikuja kumwambia kwa upole kwamba safari hii apumzike. Ameazima spika kubwa, na humo mna wimbo uleule, umeimbwa na kwaya ya watu waliosomea.

Mama Pasi aliitikia vizuri, akamsindikiza wifi yake hadi nje. Kisha akamwambia mumewe kuwa siku hiyo atakaa jikoni, na asitokee mtu wa kumbembeleza. Mumewe, fundi baiskeli asiye na maneno mengi, akasema sawa, ila jikoni kwa mama kuna mlango, na mlango ule huwa unafunguka.

Wimbo wenyewe, tuseme ukweli, si wa kutambia. Unasema habari za taa iliyowashwa na watu wanaorudi nyumbani, maneno machache yanayozunguka palepale. Lakini nyumba ile ilikuwa na mambo yake. Sikukuu ya kwanza ya Mama Pasi pale, bado bibi harusi, alitoka jikoni akiimba, mikono imelowa, ameshika mfuniko wa sufuria kubwa. Mwisho wa mstari wa tatu ukamponyoka. Gwaa! Nyumba nzima ikanyamaza. Baba mkwe, mzee ambaye hakuwa amemchekea hata siku moja, akacheka mpaka akavua miwani kufuta machozi.

"Rudia, mwanangu," akasema. "Na mfuniko uanguke hapohapo."

Tangu hapo ulianguka kila mwaka. Mzee alipofariki, uliendelea kuanguka. Watoto walikua wakiamini dunia yote inauimba hivyo. Binti mmoja wa Mama Pasi aliwahi kuangusha kitabu katikati ya kwaya ya shule, akashangaa kweli kwa nini anaadhibiwa.

Basi siku ikafika. Sebule imejaa, Mama Pasi yuko jikoni anakausha vyombo vilivyokwisha kukauka. Spika ikaanza. Kwaya ilikuwa nzuri, hilo hakulikataa. Sauti zilipangana kama mashati kwenye rafu. Ukoo ukafuatisha mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, halafu wote wakanyamaza kwa pamoja, wakisubiri.

Kwaya haikusubiri mtu. Ilikwenda zake mstari wa nne na wa tano, watu wamebaki na vinywa wazi. Wifi akarudisha mwanzo, akaagiza safari hii mtu asinyamaze. Wakanyamaza tena, yeye wa kwanza, macho sakafuni.

Mama Pasi alilisikia lile pengo mara zote mbili. Ndipo akaelewa jambo ambalo sauti yake nzuri ilimficha miaka yote. Watu hawakuja kulisikiliza koo lake. Walikuja kusubiri pamoja, wajue kama kile kishindo bado kipo, na kikilia, iwe kana kwamba marehemu mzee anavua tena miwani.

Akauchukua mfuniko. Mlango ukafunguka.

"Wifi, zima hicho."

"Koo lako, wifi yangu."

"Koo ni langu. Zima."

Ikazimwa. Mama Pasi hakujaribu hata kuimba. Aliutamka mstari wa kwanza kwa mkwaruzo uleule, kama anayeita watu mezani, na sebule ikaudaka. Mwisho wa mstari wa tatu wakanyamaza. Akauinua mfuniko juu ya kichwa, akaushikilia palepale, akiwatazama mmoja mmoja. Watoto wakaanza kurukaruka. Mumewe akaziba masikio huku anacheka. Wifi akauma mdomo.

Akauachia.

Mstari wa nne ulitoka kama maji ya bomba lililozibuliwa, madirisha yakatetemeka, na aliyepaza sauti kuliko wote ni wifi. Walipomaliza alimsogelea akijifuta macho.

"Umetuchelewesha makusudi, wewe."

"Ili mkumbuke nani anaongoza."

Kabla wifi hajajibu, ng'ambo ya ukuta, kwa jirani aliyewasikia miaka yote bila kusema neno, mfuniko mwingine ukaanguka. Sebule ikalipuka kwa kicheko.

Mama Pasi akainama kuokota wa kwake. "Tena," akasema. "Tangu mwanzo."